Nasoma Vitabu vya Kutapisha, Ila Si Vyote

Kuna riwaya moja niliifuta simuni ikiwa imebaki kidogo tu kwisha, na sina haja ya kujua iliishaje. Ilikuwa nzuri. Mwandishi wake kazi anaijua, lugha imenyooka, na wala hakunidanganya: tangu kwenye jalada alishasema humu ndani watu watakufa vibaya. Jina lake silitaji kwa sababu kitabu hakikuwa na kosa. Nitafika huko.

Kwanza mjue mwaongea na nani. Mimi ni karani wa hesabu kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Nakaa Likoni, navuka feri asubuhi na jioni, na vitabu vyangu vingi nimevisomea humo: nimesimama, mkoba nimeukumbatia tumboni, simu usoni, muuza njugu ananipita ubavuni. Nasoma riwaya za kutisha. Si zile za nyumba yenye mlango unaojifungua wenyewe. Nasema zile ambazo ukimsimulia mwenzako wakati wa chakula anasukuma sahani kando. Watu kuchunwa, watu kuliwa, watu kufungiwa chini ya nyumba. Jioni moja dada aliyesimama nyuma yangu alichungulia simu yangu, akasoma mistari kadhaa, akasema "Astaghfirullah!" kwa sauti, akahamia upande wa magari.

Fani hii ina ukoo wake. Mwaka 1986, kwenye kongamano la waandishi wa hadithi za ajabu mjini Providence, Marekani, David J. Schow alilibandika jina la splatterpunk kundi la waandishi waliokuwa wamechoshwa na hadithi za kutisha zenye adabu, zile zinazofunga pazia damu inapoanza kutoka. Wao walitaka pazia libaki wazi. Kabla yao Stephen King, katika kitabu chake Danse Macabre cha 1981, alikuwa ameshapanga ngazi tatu. Ya juu ni hofu ya kitu ambacho bado hujakiona. Ya pili ni kitisho cha kitu kilichokwisha kusimama mbele yako. Ya chini kabisa ni kichefuchefu. King anasema yeye hujaribu ya juu kwanza, ikimshinda hushuka, na ikibidi atakutapisha tu, haoni aibu. Waandishi ninaowasoma mimi, wengi wao walianza hapo chini na hawajawahi kutaka kupanda.

Na mimi hapo chini hapanisumbui, na sababu naijua. Nimekulia buchani.

Marehemu baba alikuwa na bucha Majengo. Nyama ilikuja alfajiri kutoka machinjioni imeshagongwa mhuri, na kazi yangu nikitoka shule ilikuwa matumbo: kuyageuza ndani nje, kuyamwagia maji ya moto, kuyakwangua kwa kisu butu mpaka weusi wote utoke. Harufu yake sabuni haiiwezi. Tulikuwa twasugua ndimu, na bado ukilala unaisikia kwenye kucha. Idi ya kuchinja, uani kwetu, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia ami mguu wa mbuzi akichuna. Asiyewahi kuchuna hudhani ngozi hutolewa kwa kisu. Kisu ni cha kuanzia tu, pale miguuni na tumboni. Ukishapata mwanya unaingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, unasukuma, na ngozi inaachia kwa mlio mdogo kama kitambaa kikuukuu kinachochanwa polepole. Ukiparamia kwa kisu utaitoboa, na ami alikuwa mkali sana kwa ngozi iliyotobolewa.

Kwa hiyo mwandishi akiniletea muuaji mwembamba anayemkatakata mtu mzima jikoni kwa kisu cha kukatia vitunguu, wimbo mmoja wa redioni haujaisha na kazi imeisha, shati bado jeupe, mimi nacheka. Ami alikuwa na shoka, alikuwa na gogo, alikijua kila kiungo kilipo, na bado alitoka jasho. Halafu damu ya vitabuni siku zote ni nyekundu na inatiririka. Hakuna anayekumbuka kwamba haikawii kuganda, inageuka nyeusi na nzito, na nzi wanafika kabla hujanawa. Wanaoandika haya kwa kubahatisha hawanitishi. Wananiburudisha, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo.

Mama yangu haoni hivyo. Kwake ubaya wa vitabu hivi si damu, ni kualika.

"Wasoma nini usiku wote huu, mwanangu?"

"Hadithi tu, mama."

"Hadithi za mashetani. Nao wakisikia watajwa huja. Soma Ayatul Kursi ulale."

Huwa naisoma. Kisha namalizia sura.

Simlaumu, maana yeye alilelewa na bibi yangu, mwanamke aliyejua kutisha kuliko wote niliowahi kuwasoma. Kila mtu wa Mombasa ana kisa chake cha yule mwanamke wa usiku, mzuri, ananukia, mpaka macho yako yashuke miguuni. Kisa cha bibi kilikuwa hivi. Mwanamume alikuwa anarudi kwa miguu upande wa Lighthouse, saa ambazo watu wa heri wamelala. Akamkuta mwanamke ameketi ukutani, uso kaelekeza baharini, kajitanda buibui. Akamsalimu, akaitikiwa vizuri. Upepo ukavuma, buibui likainuka, akaona kwato za punda. Alikimbia mpaka akaona taa ya mlinzi, akaanguka mbele yake, pumzi hana: nimeona mwanamke, ana miguu, ana miguu... Mlinzi akamuuliza taratibu, "Miguu gani? Kama hii?"

Hapo bibi alikuwa akinyamaza, anauvuta ukili wake, anaendelea kusuka. Tukimwuliza mlinzi alimfanya nini yule bwana, anajibu, "Nami sikuwapo."

Nikiwa mtu mzima nikaja kukisoma Kwaidan cha Lafcadio Hearn, kilichotoka 1904, hadithi za mizimu za Kijapani. Mna kisa kifupi kiitwacho "Mujina". Mwanamume anapita usiku kwenye barabara ya Akasaka, Tokyo. Anamkuta mwanamke analia. Anambembeleza, mwanamke anageuka, hana macho, hana pua, hana mdomo. Jamaa anakimbia gizani mpaka anaona taa ya muuza tambi, anajaribu kumweleza alichoonyeshwa. Muuza tambi anauliza kama ni hiki, anapapasa uso wake, uso unakuwa mtupu, na taa inazimika. Nilikaa kitako kitandani. Bibi hakujua kusoma kitu zaidi ya msahafu wake. Pengine mabaharia walikibeba, pengine binadamu popote alipo anaogopa kitu hicho kimoja, kwamba unayemkimbilia ni yule yule unayemkimbia. Kwa kipimo cha King, bibi alikaa ngazi ya juu maisha yake yote na hakuhitaji tone la damu.

Basi kama nimelelewa huko juu, huku chini nafuata nini? Nimejiuliza sana, na jibu langu ni hili: kwenye visa vya bibi mbaya ni jini. Jini ana dawa, anasomewa, anafukizwa, anatoka. Kwenye vitabu ninavyovisoma feri mbaya ni mtu, ana mikono, na akimaliza anainawa na kwenda kula. Mtu hafukizwi.

Mfano wa kitabu hicho, kile ambacho kila mpenzi wa fani hii atakutajia, ni The Girl Next Door cha Jack Ketchum, cha 1989. Ketchum hakukitoa hewani. Mwaka 1965, mjini Indianapolis, msichana wa miaka 16 aitwaye Sylvia Likens aliachwa na wazazi wake, yeye na mdogo wake, kwa mwanamke aitwaye Gertrude Baniszewski, kwa malipo ya dola 20 kwa wiki. Wazazi walikuwa wanazunguka na maonyesho ya michezo. Sylvia aliteswa ndani ya nyumba ile hadi akafa mwezi wa Oktoba. Walioshiriki ni mwanamke huyo, watoto wake, na watoto wa majirani. Baniszewski alihukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa 1985. Kitabu kilipotoka alikuwa yu hai, yuko nje, anatembea.

Ketchum amekihamishia kisa mwaka 1958 na mtaa mwingine, amebadili majina, na msimulizi wake ni mvulana wa nyumba ya pili. Kilichoniumiza si mateso. Ni ratiba. Watoto wanakuja baada ya shule, wanapewa kinywaji, wanashuka chini kwenda kuangalia, jioni wanaitwa na mama zao, wanakwenda kula. Kesho yake wanarudi. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, choo kimoja uani. Mtoto wa chumba cha mwisho akipigwa, chumba cha mwanzo kilijua kama ni kwa mwiko au kwa mkanda. Wapo waliokuwa wakienda kugonga mlango, na wapo waliokuwa wakiongeza sauti ya redio. Kitabu kizima cha Ketchum kinahusu hao wa redio.

Na humo kuna ukurasa ambao ningependa kila mwandishi wa fani hii aubandike ukutani. Mambo yanapofika pabaya kupita yote yaliyotangulia, msimulizi anagoma. Anakuambia hili halisemi. Msomaji uliyefuata damu tangu mwanzo unafungiwa mlango, na unabaki pale nje ukijijua ulikuwa unataka kuona. Bibi angekielewa.

American Psycho cha Bret Easton Ellis nacho nilikipitia, maana huwezi kujiita msomaji wa haya mambo usikiguse. Kina historia nzuri kuliko chenyewe: mchapishaji wa kwanza alikitupa mwishoni mwa 1990 kikiwa karibu kutoka, mwingine akakichukua kikatoka 1991, na Australia kikawa kinauzwa kimefungwa kwa plastiki, wasio na miaka 18 wasiuziwe. Mimi kurasa za mavazi na mikahawa nilizisoma zote, zina dhihaka kali kweli. Kurasa za wanawake kuteswa na kuuawa niliziruka. Kuna wasomaji wanaoona kuruka ni woga. Nimelipia kitabu, naruka.

Sasa nirudi kwa kile nilichokifuta.

Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, bara ya Malindi. Hamhitaji nisimulie upya. Waumini walioingia msituni kufunga chakula mpaka wafe wapate kukutana na Yesu, familia nzima nzima, na watoto ndani yake. Miili ilipita 400. Wengi, kwa uchunguzi wa madaktari, walikufa kwa njaa. Familia zilitoa mate na damu zipimwe vinasaba, zikangoja, na miili ya kwanza haikukabidhiwa hadi Machi 2024.

Kazini kwetu yuko mtu ambaye watu wake waliingia msitu ule. Alikuja mezani kwangu na picha ya mtoto, ndogo, ile ya pasipoti, imekunjika pembeni, mtoto kavaa sare ya shule na kola imemzidi shingo. Alitaka ikuzwe aende nayo Malindi. Mashine yetu ya fotokopi ilikuwa ikitoa weusi. Nikaweka, ikatoka kivuli chenye kola. Nikapunguza wino, nikaweka tena, yakatokea masikio. Yeye amesimama tu, hasemi kitu, anaangalia karatasi zinavyotoka. Nikaendelea hadi uso ukaonekana, akakunja nakala mbili akazitia mfukoni mwa shati, akaniambia, "Ahsante, dada." Zile zilizoharibika aliziomba pia. Hakutaka zibaki kwenye pipa la ofisini.

Jioni ile, kwenye feri, nilifungua riwaya niliyokuwa naisoma. Msitu, nabii, njaa. Ilikuwa imeandikwa mbali, na mtu ambaye sidhani amewahi kusikia jina Kilifi, miaka kabla. Nilikuwa nimeshasoma sehemu kubwa na kuifurahia. Ndani ya sura hiyo kulikuwa na mtoto, na mwandishi, kwa ufundi wake, alikuwa anaeleza shingo yake. Nikaifuta kabla hatujafika ng'ambo.

Herufi hata moja haikuwa imebadilika tangu asubuhi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Miaka yote nimekuwa nikimsoma binti wa Indianapolis kwa raha ya mtu aliye mbali, najisifu kwamba mimi tumbo langu ni gumu, kumbe ugumu wa tumbo ni umbali tu. Kule Indianapolis bila shaka kuna mtu aliyesoma naye, aliyekaa naye dawati moja, ambaye hawezi kukigusa kitabu cha Ketchum, na hapo si suala la ujasiri.

Lakini umbali peke yake haunitoshelezi. Mei 2020 serikali ilipoufunga Mji wa Kale kwa ajili ya korona, dada yangu alikuwa ndani, mimi nje, vyakula twapelekeana kwa kuomba watu. Na wakati ule ndio niliosoma riwaya za tauni kuliko wakati mwingine wowote. Maiti mitaani, miji kufungwa, kila kitu. Zilinituliza. (Baadaye nikasoma kwamba watafiti, akiwemo Mathias Clasen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waligundua wapenzi wa filamu za kutisha walihimili korona kisaikolojia afadhali kidogo kuliko wengine. Nilimtumia mama kiungo cha habari hiyo. Alinijibu kwa emoji ya tasbihi.) Tauni ilikuwa mlangoni kabisa, karibu kuliko Shakahola, na nilisoma bila shida.

Tofauti naiona hapa: virusi havina aliyekaa akaangalia. Nikisoma kuhusu tauni simnyang'anyi mtu maiti wake. Lakini palipo na mtu aliyetendwa na mtu, na ndugu zake bado wanangoja karatasi kutoka maabara, mwandishi akiniletea shingo ya mtoto kwa ajili ya kunisisimua tu, inanifanya nijihisi nimesimama kwenye ngazi za ile nyumba ya Indianapolis na soda mkononi.

Kwa hiyo siku hizi napima hivi. Mateso ya kubuni kabisa, ya watu wasiokuwapo, sina mpaka, leta. Mateso yaliyokopwa kwa watu wa kweli, naangalia aliyeteswa amepewa nini humo kitabuni mbali na kuteswa. Meg, yule msichana anayeteswa kwenye kitabu cha Ketchum, amepewa. Anapata nafasi ya kutoroka, na anashikwa kwa sababu amerudi kumchukua mdogo wake. Huyo ni mtu. Vitabu vingi vinavyojitangaza kwamba ni vya kisa cha kweli vinampa aliyekufa jina, umri, rangi ya nywele, kisha ni mayowe hadi mwisho. Hivyo sitaki, hata kisa kiwe cha Japani, hata kiwe cha miaka mia iliyopita. Najua kipimo changu kina matundu. Kile cha njaa nilichokifuta kilikuwa cha kubuni kabisa, na kwa kanuni yangu mwenyewe kingepita. Hakikupita. Pengine mwakani kitapita, pengine mpaka yule mwenzangu wa kazini astaafu.

Linalobaki ni la kuazima. Vitabu hivi siazimi ovyo. Rafiki yangu mmoja nilimkatalia alipokuwa mjamzito, akaninunia. Mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha pili, ananisumbua kila Ijumaa akija: "Mamdogo, nipe kile cha kutisha kabisa." Simwambii vitamharibu, simu yake ina mambo yanayozidi hayo na sote twajua. Namwambia tu cha Ketchum hapana, mpaka amalize sekondari, na nimemwekea Kwaidan. Amekirudisha wiki iliyopita.

"Kiko sawa," akasema, "ila hamna damu. Na ile ya mwanamke asiye na uso mbona ni ile ya nyanya? Nani kamwibia mwenzake?"

Nikamwambia aende akamwulize nyanya yake, yeye ndiye aliyekisikia kwa bibi mara nyingi kuliko mimi. Akaenda jikoni. Nikamsikia mama akikataa kata kata kukisimulia, jua limeshazama, kisha nikamsikia anakianza.